Mnyororo Chini

Fuso letu lililala konani, Kikondo,
ekseli ya nyuma imemezwa na tope,
na lumbesa tisini za viazi
zikitazama bondeni kama abiria wasio na nauli.

Akaja Tumpe Mwaisumo na trekta lake,
dogo, silinda tatu,
umri limemzidi dereva wetu,
wekundu umebaki mabaka mabaka
kama rangi ya kucha za mwezi uliopita.
Nikacheka. Utingo kazi yake kucheka
mpaka aambiwe ashuke.

"Shuka," akasema. "Beba mawe."

Tukayapanga mbele, juu ya bampa,
mawe saba ya mtoni, na la nane nikawa mimi:
"Kaa hapo. Leo uzito wako una kazi."
Matairi ya nyuma yana maji tumboni,
robo tatu, tangu enzi za marehemu.
Upepo mtupu, akasema, ni wa baiskeli.

Ngailo, dereva, alishafunga mnyororo juu,
pale panapofikika bila kuinama.
Tumpe akaufungua bila neno,
akapiga magoti topeni na kitenge chake,
akaufunga chini, karibu na ardhi.
"Ukifunga juu, litasimama kama beberu,
halafu litakulalia.
Mume wangu alifunga juu."

Hakuna aliyeuliza siku wala saa.

Gia ya kwanza, ile ya chini kabisa,
ambayo hata mtoto anayetambaa angekupita.
Hakukanyaga mafuta kwa pupa.
Akauacha mnyororo unyooke, pingili kwa pingili,
ukalia kidogo, kama mzee anayekunjua goti,
kisha injini, badala ya kupandisha sauti, ikaishusha,
tu, tu, tu,
moshi mweusi ukasimama wima
katika baridi ya saa kumi na mbili,
na mimi, juu ya pua ya trekta, nikahisi kwa makalio
jinsi kazi inavyong'olewa ardhini.

Fuso likasogea upana wa kidole.
Likasogea upana wa kiganja.
Tope likaachama, pwaa,
likaachia.

Hatukupiga makofi; mikono ilikuwa imechafuka.
Ngailo akatoa noti. Tumpe akazitazama tu,
akataka dizeli, lita tano,
na gunia moja lishushwe.
"Viazi hivi nimewauzia mimi," akasema.
"Uzito wake naujua.
Nusu yake hamkuulipia."

Kisha akanigeukia:
mawe nikayarudishe nilikoyatoa.
Yote manane.