Meno ya Maji ya Chai

Pazi mpiga picha alituma maagizo tangu Jumatatu:
usivae nyeupe, mwanga utaimeza;
usivae mistari, itacheza machoni;
lala mapema, kunywa maji mengi.
Maji mengi! Ananiambia mimi,
niliyekula mshahara wa maji miaka ishirini na sita,
ninayeijua Ruvu ya masika na Ruvu ya kiangazi
kwa rangi yake ndani ya chupa ya sampuli.

Kesho saa nne, Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge.
Wanataka sura yangu kwenye korido ya maabara,
pale walipopangwa wakuu walionitangulia:
tai saba, midomo saba
iliyofungwa kama bahasha za zabuni.

Gauni limetoka kwa fundi Mwanjaa, bluu ya wino.
Bega moja limekaa, la pili bado linabishana.
Jana nilisuka Kimanga; kichwa kinavuta hadi nyusi,
naonekana kama mtu aliyeshtuliwa na habari njema.
Nimepaka mafuta viwiko,
ambavyo havitatokea pichani, najua,
lakini mama alitufunza kuoga hadi nyuma ya masikio.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Pasi ikapoa juu ya kola.

Basi kioo, na mshumaa, na jambo lenyewe.
Meno.
Nilizaliwa Maji ya Chai, miguuni pa Meru,
ambako jina la mahali si utani:
mto unashuka mlimani umeshaiva.
Tuliunywa, tukaupikia makande, tukabatizwa nao,
ukatuandika kahawia mdomoni
kabla hatujashika kalamu.
Nyumbani nani angeona? Tulikuwa kurasa za daftari moja.
Ni hapa Dar, bwenini, wiki ya kwanza,
msichana mmoja aliponiuliza, kwa upole kabisa,
"Kwenu hakuna miswaki?"

Tangu siku ile nacheka kwa kiganja.
Picha ya harusi: nimebana.
Ubatizo wa Ndeshi: nimebana, mtoto ndiye kapanua.
Pasipoti, walipokataza kucheka,
ndiyo picha pekee niliyopiga kwa raha.

Sasa naijua floraidi kwa namba,
miligramu kwa lita, kisima kwa kisima.
Nimeiandikia ripoti nene za kuzuia mlango,
na hakuna kikao kilichouliza
mwandishi ana meno gani.

"Usihofu, mama," Pazi kaandika,
"nitayasafisha kwenye kompyuta, dakika mbili tu."
Dakika mbili.
Mto ulihitaji miaka minane.

Hodi. Ni mama Tumpe na pasi ya mkaa
ya marehemu mkwewe, nzito kama deni.
Tunapuliza, majivu yanarukia nyusi zetu,
mimi nakandamiza kola kwa mikono miwili,
yeye anamulika kwa simu na kuniamuru kama jemadari:
kushoto, kushoto, hapo, usiniunguzie gauni la serikali!
Cheche inaruka, inatua kwenye khanga yake,
naye anaruka nayo, anazunguka meza,
anaitukana TANESCO kwa Kinyakyusa.

Nacheka. Mikono yote iko kwenye pasi.

Ile taa ya simu inabaki usoni pangu.
Mama Tumpe ametulia, anatazama kama mtu asomaye kibao.
"Kumbe una mwanya," anasema.
"Miaka tisa tunapakana ukuta,
mwanya wote huo umenificha?"

Kuhusu rangi hakusema kitu.
Labda mwanga wa simu haukutosha. Labda.

Ameondoka na pasi yake, inatoa moshi ngazini.
Gauni linaning'inia mlangoni, kola imenyooka
kuliko ambavyo umeme ungeweza.
Nimemwandikia Pazi maneno mawili: Meno yaache.
Bado sijatuma.
Simu ina asilimia nne,
na alisema nilale mapema.