Thelathini na Moja kwa Mia

Novemba, na huku Punta Arenas manispaa imeshafunga kamba
kwenye kona za uwanja, watu washike wasipeperushwe.
Doña Eduvina Mansilla aliingia na upepo wake,
kompyuta ameikumbatia ndani ya fulana ya sufu
kama apelekaye kuku mgonjwa kwa daktari.
"Iliniambia nisiizime," akasema. "Sikuizima.
Umeme ndio uliozimika."

Thelathini na moja kwa mia: hapo ndipo sasisho lilipogota.
Viduara vyeupe vinafukuzana,
tafadhali subiri, tafadhali subiri,
naye alisubiri siku tatu, kwa adabu,
usiku akiifunika shuka isipigwe na baridi.

Nilifanya niyafanyayo kila siku.
Nikabonyeza kitufe, sekunde kumi, hadi giza.
("Umeiua?" "Bado.")
Nikaiwasha kwa mlango wa nyuma,
nikaliomba sasisho lirudi lilikotoka. Likakataa.
Nikaomba upya kwa maandishi, amri moja baada ya nyingine.
Jibu: faili haipo.
Ipi? Haikusema.
Mashine ni karani wa serikali,
kosa lako hulijua, dawa yake haimhusu.

Basi nikaichomoa diski. Skrubu sita, moja imeliwa na kutu.
Nikaiunga kwa waya na mashine yangu kuukuu
nikaanza kuokota.

Watu hudhani kilichofutwa kimeteketea.
La. Hufutwa jina tu, mwili hubaki palepale ulipolala
mpaka aje mwingine aketi juu yake.
Ndiyo maana nawaambia wateja: ikipotea, acheni kuandika!
Kila herufi mpya ni kiatu juu ya unyayo wa jana.
Hawasikii. Doña Eduvina alisikia,
hakugusa hata kicharazio.

Usiku kucha zikarudi, zote hazina majina,
f0018273, f0018274,
nami nazifungua mojamoja, chai ikipoa:
uzani wa sufu, miaka kumi na moja, kondoo wa Río Verde;
risiti ya jiko la gesi;
picha ya goti, sijui la nani;
barua pepe za dada yake wa Chiloé, mia nne na ushei,
nyingine zimekatika vichwa, zinaanzia katikati ya viazi.

Kisha f0021906.
Mistari saba, kwa dada huyohuyo, haikutumwa.
Sikupaswa kusoma. Nilisoma miwili.
*Bei ya nyumba ya mama siyo ile niliyokutajia.*
Na inayofuata ni hiyohiyo, neno moja limehama.
Na inayofuata.
Kumi na nne nilizihesabu,
zote kaziandika mwenyewe, zote kazitupa mwenyewe.

Chombo changu hakitofautishi
kilichopotea na kilichotupwa.
Kwacho, kilichopatikana kimepatikana.
Mimi nilikaa nikiangalia kishale kinavyopepesa.

Asubuhi nikamwekea makabrasha matatu:
Sufu. Barua. La tatu sikulipa jina.
Alihesabu kondoo wake, akacheka,
akambusu dada yake kwenye kioo cha skrini,
akatoa noti zilizokunjwa mara nne.
Kisha kidole kikasimama.
"Na hili?"
"Hayo yalikuwemo, Doña."

Hakulifungua. Dirisha likatetemeka kwa upepo,
bango la duka la viatu chini yetu likalia kama bati.
"Yanaweza kufutika kabisa? Hata mwili usibaki?"
"Yanaweza. Dakika arobaini."
Akavaa glavu ya kushoto. Akaitafuta ya kulia mfukoni,
akaipata, akaishika tu.
"Na kutuma," akauliza, "huchukua muda gani?"

Nikamwambia ukweli:
inategemea mtandao,
na leo kuna upepo.