Kilo Sitini

Risten ameziweka mezani, juu ya gazeti la juzi:
hii ya risasi, kaidi, pembe zake zimechubuka;
hii ya lithiamu, nyepesi, ghali,
na maji yakianza kuganda
haipokei chaji, hata uibembeleze.

Nje ya dirisha, Finnmark, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Kule mlimani sanduku la mtandao
limeng'ang'ania mlingoti kama kupe.

Nyuma ya bahasha ameandika:
wati kumi na nane, kwa saa thelathini,
maana umeme ukikatika Ijumaa
fundi hapandi kabla ya Jumamosi jioni.
Baridi nayo ina fungu lake.
Inakula nusu, wala haiombi.
Basi za risasi ziwe mbili. Kilo sitini,
na mita mia tatu za mwisho ni za miguu.

"Chukua nyepesi," asema Jovnna, "uifunge kipasha joto."
"Kipasha joto kitakula nini?"
Jovnna anakuna kidevu.
"Betri."
Wanacheka, kisha hawacheki.

Mwaka jana ilizima saa ya nne.
Jumbe za Biret, aliyekuwa na paa wake nyikani,
zikaingia kesho yake, kumi na moja kwa mpigo:
wa kwanza unauliza njia,
wa mwisho hauulizi kitu.

Risten anainua ya risasi. Bega linashuka.
"Lete kamba ya kuburutia," asema,
"na uzito wake
usinitajie tena."