Chapwa

Kisima cha Ghaniya, hapa Suwaiq,
kiligeuka mwaka aliozikwa mumewe.
Mindimu ikaungua kuanzia ncha za majani,
ardhi ikafanya ukoko mweupe
ukivunjika chini ya kandambili.

Jirani aliuza pampu, akahamia Maskati.

Yeye akapanda shayiri,
gunia moja la mbegu kaidi,
akainywesha maji yale yale
anayoyaonja alfajiri na kuyatema.

Ikachipua mabaka mabaka,
kama ndevu za kijana.

Leo kaoka mkate wa kwanza.
Tukaumega kwa hadhari,
ndimi zikiungoja munyu wa miaka tisa.

Chapwa!

Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka,
akamtuma mjukuu dukani:
“Kimbia, Muhanna,
kaninunulie chumvi.”