Dakika Arobaini

Kibao pale darajani kinasema: njia nyepesi,
haina mlima, dakika arobaini hadi kwenye banio.
Shangazi Remei anakisoma mara mbili,
anakigonga kwa fimbo kama anayebisha hodi.
"Aliyeandika hivi," asema, "hakuwa na jamaa humu."

Basi twende, mwendo wa kobe.
Llobregat leo umetulia, rangi ya chai ya maziwa,
unabeba majani ya Oktoba bila haraka.
Njia ni tambarare, imemwagwa kokoto,
baiskeli zinatupita zikilia kengele,
"Samahani, bibi!" Na bibi hasikii.

Miaka thelathini na mmoja ukumbini,
mitambo mia mbili na arobaini ikifuma kwa pamoja,
ilimla masikio kama panya alavyo nyayo za aliyelala:
yauma, yapuliza,
hata siku ya kustaafu alidhani ni theluji
imeangukia kengele ya kanisa.

Tunasimama kwenye dohani.
Kiwanda kilibomolewa, dohani ikaachwa,
na juu yake kiota cha korongo, kitupu,
wenyewe wameshakwenda kusini.
Tunasimama kwenye nyumba za wafumaji,
safu tatu, madirisha sawasawa kama meno ya kitana.
Nambari kumi na nne: hapa alizaliwa.
Hapa kaka yake Eudald aliuza baiskeli
mama yao apate jeneza lenye vishikio.
Duka la bwana, shule ya bwana, kanisa la bwana.
Mshahara ulitoka dirisha hili Jumamosi
ukarudi kwa dirisha lile Jumatatu,
haujapata hata kujikunja mfukoni.

Sasa kibarazani kijana amekaa na kompyuta,
anatupungia mkono, anatukaribisha kahawa.
Shangazi anamtazama miguu:
hakuna aliyepata kukaa pekupeku hapo
saa nne asubuhi, siku ya kazi.

Mferejini, anasema, ungejua msimu kwa kutazama maji.
Wiki hii mekundu, wiki ijayo zambarau,
samaki walijifunza kufa kwa kila rangi.
Hajamaliza, mdiria anakata mbele yetu,
cheche ya buluu
ambayo hakuna aliyeimwaga.
Shangazi ananyamaza. Anahesabu kitu kwa vidole.
Sikumuuliza.

Banio linasikika kabla halijaonekana.
Maji yote ya mto yanajitupa ukutani,
kishindo kinaingia kifuani, kinakaa.
Napaza sauti: umechoka? tukae?
Ananifunika mdomo kwa kiganja kinachonuka sabuni.
Kisha anasema, midomo tu, pasipo sauti:
hapa usipige kelele. Hapa ni kwetu.

Ndipo nilipojua nani kiziwi kati yetu.

Ng'ambo, kwenye benchi, mwanamume na mke wake
wana kikapu, wana mkate, mikono inapigana na hewa.
Shangazi amewakazia macho, anacheka hadi fimbo inatikisika.
Wanasema nini?
Ananijibu kwa midomo, silabi kwa silabi,
kama walivyosengenyana wasichana wa zamu ya usiku
chini ya pua ya msimamizi.
Sioni kitu. Anarudia. Anarudia tena,
kwa subira asiyonipa nyumbani.
Nanasa neno moja: chumvi.
Amesahau chumvi, basi? Anatikisa kichwa.
Ndiyo, chumvi. Lakini ugomvi si wa chumvi.
Mengine anayakunja, anayatia mfukoni.

Saa mbili na nusu, kwenda na kurudi,
tena hatujafika kwenye kibao.
Yeye ametangulia, anaondoa majani kwa fimbo
njia isiyo na kikwazo chochote.
Anageuka kuona kama bado nipo.
Nalitamka jina lake, midomo tu,
pole, kama mtoto anayejifunza kupiga mluzi.

"Naam!" anaitika,
kwa sauti kubwa mno,
bata wote wa mfereji wakaruka.