Si kwa Matumizi ya Binadamu

Kimefika leo, baada ya siku nne forodhani,
siku nne za kupiga simu Embakasi kumweleza karani
kwamba hapana, si chanjo, si dawa ya kuuza,
na ndiyo, barafu hiyo hufuka moshi, ndiyo kawaida yake.

Kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho.
Ndani, mikrogramu hamsini za kimeng'enya
cha ini la mtu, kilichopikwa pasipo mtu:
walinakili maelezo yake, wakayapandikiza
ndani ya bakteria wa utumbo, hao hao tunaowaonea kinyaa,
nao wakakifuma usiku kucha
wasijue wanamfumia nani.

Lebo yasema: kwa utafiti tu.
Si kwa matumizi ya binadamu.
Nimeisoma mara mbili.

Kazi yake naijua.
Kikipewa pombe huinyofoa hidrojeni,
hukabidhi, hurudi kuchukua nyingine.
Kibarua asiyeomba chai.

Daktari Nyaboke anataka namba kabla ya saa kumi.
Naweka tone la kwanza, pombe ya kawaida.
Kwenye skrini mstari unapanda
kama mtoto aliyesikia sufuria ikifunuliwa.
Naweka tone la pili, ile nyingine, ya viwandani,
ambayo kwa macho ni maji tu.
Mstari unapanda pia. Taratibu.
Bila haya.

Kisilu,
saa saba mchana, Mukuru, jua likichoma mabati,
ulipouliza, "Mutheu, mbona mmezima taa?"
nilidhani umekunywa sumu.
Kumbe ulikunywa kitu ambacho kilikuwa hakijawa sumu.
Kiligeuziwa nyumbani, ndani ya ini lako,
na kibarua huyu huyu mwaminifu
aliyepewa mzigo akaubeba,
asiyefunzwa kuuliza umefungwa nini.

Nimekuja kusoma, miaka imepita,
kwamba dawa mojawapo ni pombe safi:
mshughulishe kibarua na kazi halali,
ile haramu itoke na mkojo, na pumzi, ikose mwenyeji.
Muuguzi mmoja alilisema hilo usiku ule, kwa sauti ya chini.
Mama akasimama mlangoni na leso yake kiunoni,
akaapa halimgusi mwanawe tone jingine.
Nami nilisimama upande wa Mama.

Stima inayumba. Huko chini jenereta inakohoa mara mbili,
inashika.
Nakirudisha kichupa kwenye nyuzi themanini chini ya sifuri,
kati ya masanduku ya watu wengine.
Daftari lina safu ya chanzo.
Naandika: bakteria.
Nakata. Naandika: binadamu.
Nakata tena.

Daktari anachungulia mlangoni. "Namba je?"
Zimepanda, namjibu.
Zote mbili zimepanda.