Alichotema Bwana Anselmo

Ng'ombe wa shangazi hula majani ya mgomba,
mgomba hula samadi ya ng'ombe,
nasi tunakunywa kilichobaki katikati.
Hivyo ndivyo ninavyowaeleza wageni
kwa dola kumi na tano, chai haimo.

Mwika, Jumamosi. Ukungu umekaa kihambani
kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.
Shangazi Ndeshukurwa amefunua mtungi.
Ndizi zilichemshwa, zikaachwa zichachuke;
ulezi ukachipua, ukakauka, ukasagwa;
msesewe ukatia uchungu wake,
kidogo, anasema, kama neno la mama mkwe.
Ukizidi, ndoa inavunjika.

Leo mgeni ni mmoja: Bwana Anselmo,
mkulima wa zabibu, mtoto wa mkulima wa zabibu,
viganja vigumu kuliko vyangu mimi
niliyetupa jembe nikashika mwavuli wa watalii.
Aliinama akafikicha udongo, akaunusa.
Shangazi akaninong'oneza: "Huyu kalelewa."

Akapewa kata. Hakunywa.
Aliielekeza kwanza kwenye mwanga,
akaizungusha, povu likapanda ukingoni,
akazamisha pua yote,
akavuta funda, akaliviringisha mdomoni
mashavu yakicheza kama ya mtoto anayesukutua,
nami nikangoja tabasamu.

Akatema.
Pwa! Chini ya mgomba.

Hata maji ya mfereji yalisikika.
Kwao, najua, ndivyo wanavyoonja:
anayemeza zote, jioni hana ulimi.
Lakini maelezo yalinikwama kooni,
na uongo, ambao hauhitaji mkalimani, ukatoka:
"Shangazi, amewapa wazee wake."

Alimtazama muda mrefu.
"Wazee wake wamezikwa mbali.
Hiyo imewaangukia wa kwetu.
Mwambie aongeze. Babu yako
hakuwahi kushiba mate."

Nikatafsiri robo tu.
Sijui alielewa nini. Alivua kofia,
akamimina kata nzima, polepole,
pale pale alipotema.
Kisha akaomba nyingine, akainywa yote
hadi makapi ya ulezi yakamganda kwenye masharubu.

Katika daftari lake aliandika:
ndizi iliyoungua kidogo, moshi wa kuni, mvua.
Halafu alama ya kuuliza.
"Huu uchungu wa mwisho, unaitwaje?"
"Msesewe," nikasema,
neno langu la kweli pekee siku ile.

Alipoondoka niliosha kata mara tatu.
Shangazi akaenda mpakani mwa kihamba,
akakata jani la sale, akalipiga fundo,
akalitia mfukoni mwa shati langu.

"Nani kakosa?" nikamuuliza.
"Litunze," akasema, akifunika mtungi.
"Siku utakapotaka kuniambia
kwa nini watu wa zabibu hutema,
usije mikono mitupu."